Mwandiko Nilioutambua

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimeshika barua ya baraza la wazee wa kanisa. Wengine mmeniandikia kunitukana. Nimesoma jumbe zote. Mmoja amesema mimi si mama, ni moto wa nyikani.

Kwa aliyekuja leo, nimwambie kwa ufupi. Mimi ni mwalimu wa darasa la pili, miaka ishirini na sita sasa. Kanisani nilikuwa kiongozi wa kikundi cha maombi cha akina mama, na ufunguo wa sanduku la maombi ulikaa kwangu. Watu huandika shida zao bila jina, wanatumbukiza, sisi tunazisoma na kuziombea, kisha tunazichoma. Yaliyomo hayatoki nje. Hiyo ndiyo sheria, na niliitunga mimi.

Siku moja nikakuta karatasi hii:

"Ninavunja nyumba ya mtu. Mume wake anasali hapa hapa. Nataka kutoka, njia siioni. Niombeeni. Na kama yuko anayenijua, aniulize."

Nikautambua mwandiko. Ile herufi y, mkia unashuka, unazunguka, unaishia na kitone kidogo. Watoto wengi huiacha wakitoka darasani kwangu. Mmoja tu nilijua hakuiacha: fundi wetu wa cherehani, mwanafunzi wangu wa zamani, binti asiyeolewa, mwalimu wa shule ya Jumapili. Kwenye daftari lake la vipimo ile y imejaa kila ukurasa.

Sikumuuliza. Nilimpelekea karatasi rafiki yangu Mama Pacha, jikoni kwa kanisa, nikavaa sura ya huruma. "Tumwombee fundi wetu, dada. Ameanguka." Mama Pacha akaenda kuomba na wengine. Wale wakaomba na wengine. Ndani ya wiki tatu fundi aliombewa mpaka akabaki bila wateja, bila darasa la Jumapili, na bila mchumba. Karatasi yenyewe haikuchomwa. Ilifika kwenye faili la katibu wa baraza, mume wa Mama Pacha.

Na barua niliyokuwa nimeishika ilisema: "Ufike Jumamosi saa nne asubuhi, uthibitishe mwandiko, ili baraza liamue juu ya kumtenga mhusika."

Basi tuendelee.

*

Jumapili kabla ya baraza, mchungaji alihubiri habari za Kaini. Si yale mauaji ambayo wote tunayajua. Alisimama pale kabla, Mungu anapomwonya Kaini kwamba dhambi imelala mlangoni kwake inamvizia, na ni juu yake kuishinda.

"Mnafikiri dhambi inakuja na pembe?" aliuliza. "Thubutu! Inabisha hodi vizuri. Inasalimia. Inakaa nanyi mnakunywa chai. Tena saa nyingine inaanza kwa kusema, tufunge macho tuombe."

Akina mama wakacheka. Na mimi nikacheka. Mama Pacha akanigusa kwa kiwiko.

"Leo mchungaji anamchapa mtu," akaninong'oneza.

"Na anayechapwa mwenyewe hayupo," nikamjibu.

Tulitazama kiti cha fundi, cha tatu kutoka dirishani. Kilikuwa kitupu. Hakuna aliyekaa pale ingawa watu walisimama nyuma. Nakumbuka nilisema moyoni, laiti angekuwepo asikie. Mahubiri yote niliyapokea kwa niaba yake, moja baada ya jingine, kama mtu anayesaini vifurushi vya jirani.

Mchungaji akamalizia: "Kabla hujamtafutia jirani yako andiko, angalia mlango wako mwenyewe. Kuna kitu kimelala pale."

Sijui kwa nini, nikageuka nikatazama mlango wa kanisa. Hapakuwa na mtu. Ila tangu siku hiyo sipiti mlango bila kuangalia chini.

*

Jumatatu baada ya vipindi nilikwenda kwa fundi. Nilibeba gauni la kukunjwa pindo, maana nilihitaji kisingizio. Ukweli ni kwamba nilitaka kumwona kabla ya Jumamosi, nihakikishe anafanana na mtu mwenye hatia. Mtu akishamhukumu mwenzake hutafuta alama usoni mwake.

Zamani mashine yake uliisikia kabla hujafika kona. Siku hiyo nilifika mpaka kwenye kizingiti, kimya. Alikuwa ameketi nyuma ya cherehani, amekunja mikono mapajani. Kitambaa cha sare ya kwaya, kile ambacho kwaya ilikuja kukichukua kipande kwa kipande ikampa fundi mwingine, kilikuwa kimebaki kipande kimoja.

Aliponiona alisimama haraka.

"Mwalimu wangu! Shikamoo. Karibu, karibu ukae."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo kidogo." Akatabasamu. "Umekuja na kazi? Nipe. Wewe ni wa kwanza wiki hii."

Nikampa gauni. Akalitandaza mezani, akapima pindo kwa utepe. Akavuta daftari la vipimo, akachukua kalamu.

Kwa mkono wa kushoto.

Nilimtazama akiandika. Alikuwa anatoa ulimi pembeni, kama watoto wangu wa darasa la pili mwezi wa kwanza. Herufi zilitoka kubwa, zimepinda, moja imelala, nyingine inakimbia mstari.

"Tangu lini unaandika kushoto?" nikauliza.

Akainua mkono wa kulia. Kidole cha shahada kilikuwa kimefungwa bendeji, na kilikuwa kifupi kuliko wenzake.

"Sindano ya mashine, Mwalimu. Iliingia kwenye kucha ikatokea upande wa pili. Kikaoza, hospitali wakakata ncha. Sasa nashonea vidole vilivyobaki, kalamu ndiyo bado inanikataa."

"Lini hiyo?"

"Miezi miwili na zaidi. Mbona mlikuwa mnaniona kanisani na kitambaa? Watoto wa Jumapili ndio walioniuliza. Wakubwa hakuna aliyeniuliza."

Nililivuta daftari upande wangu. Kila mteja ana tarehe yake. Nikafunua kurasa nyuma. Mwandiko mzuri, y zenye vitone, ukurasa baada ya ukurasa, halafu ghafla zinakatika. Kuanzia hapo ni herufi za kushoto. Karatasi ya sandukuni ilikuja wiki tatu baada ya hapo.

Nikalifunga daftari.

"Mwanangu," nikasema, "wamekwambia wanakuitia nini Jumamosi?"

"Wanasema wana taarifa. Taarifa gani, hawasemi. Mchumba wangu naye kasema amesikia kwa watu wa kuaminika. Mtu wa kuaminika mwenyewe ni nani, hasemi. Mwalimu, napigwa gizani. Nikinyoosha mkono kujikinga sijui ngumi inatoka wapi."

Yule mchumba ni fundi umeme. Walikuwa wamebakiza mwezi mmoja wafunge ndoa. Gauni la harusi lilikuwa linaning'inia nyuma yake, alikuwa akilishona mwenyewe, mkono mmoja bado haujaunganishwa.

"Inasemekana kuna karatasi," nikasema. "Ya sandukuni. Inasemekana ni mwandiko wako."

Alinitazama. Kisha akacheka, kicheko cha kweli, mpaka akashika meza.

"Mwandiko wangu? Ndiyo hilo tu?" Akainua bendeji yake juu. "Mungu mkubwa! Mwalimu, kumbe nina ushahidi kidoleni siku zote! Nani kasema ni mwandiko wangu?"

Wasomaji, mlango ulikuwa wazi kabisa. Tulikuwa wawili tu. Neno lilikuwa moja: mimi.

"Watu," nikasema.

"Watu wabaya." Akanishika mikono yote miwili. "Lakini ni kheri umekuja. Uje Jumamosi, Mwalimu wangu. Wewe ndiye uliyenishika mkono ukanifundisha kuandika. Ukisema wewe kwamba si mwandiko wangu, nani atabisha?"

Nikamwahidi. Nilipotoka alikuwa amekaa kwenye mashine, na kabla sijafika kona nikaisikia imeanza kulia. Alikuwa anashona pindo la gauni langu.

Nililia barabarani. Mtu aliyenipita akanipa pole ya msiba.

*

Mtakaosema kwamba nilikosea kwa bahati mbaya, mtanihurumia bure. Acheni niwaambie.

Darasa langu la shule ya Jumapili lilikuwa na watoto sitini. Fundi alipoanza kufundisha, wakahamia kwake mmoja mmoja, mpaka nikabaki na saba. Alikuwa anawaimbisha, anawashonea wanasesere wa Daudi na Goliati kwa vipande vya nguo. Mimi nilikuwa na chaki na kiboko cha macho. Wazazi walinipongeza: "Mwalimu, mwanafunzi wako amekushinda!" Nilicheka nao. Nilipofika nyumbani sikucheka.

Kwa hiyo ilipokuja karatasi yenye y yenye kitone, sikujiuliza mara mbili. Nilitaka iwe yake. Hilo ndilo lililokuwa limelala mlangoni kwangu, na nililifungulia, nikalipatia na kiti.

*

Jumanne darasani niliandika ubaoni sentensi ya siku: "Mama yangu yuko nyumbani." Watoto arobaini na wawili wakainama, wakanakili.

Nilipita kati ya madawati kusahihisha. Daftari la kwanza, y yenye kitone. La pili, y yenye kitone. La tatu. La nne. Mimi ndiye ninayewaambia: mkia ukimaliza kuzunguka, kalamu ipumzike hapo kidogo. Ndipo kitone kinapotokea. Nimesema hivyo kila mwaka kwa miaka ishirini na sita.

Nikageuka nikatazama ubao.

Ulikuwa mwandiko wa karatasi ile. Uleule. Herufi kwa herufi.

"Mwalimu, unaumwa?" akauliza kiranja.

"Andikeni," nikasema.

Nilikaa kwenye kiti changu, na kila nilipopeleka macho niliona karatasi ile: ukutani kwenye chati za irabu, kwenye majalada, kwenye majina ya zamu. Sikuwa nimeutambua mwandiko wa fundi. Nilikuwa nimeutambua mwandiko wangu mwenyewe. Aliyeandika alikuwa mtu yeyote aliyepita mikononi mwangu na hakuiacha y yangu.

Mapumziko nikachukua karatasi, nikaorodhesha niliowafundisha ambao sasa wanasali nasi. Nikapata kumi na mmoja. Wanaume nikawafuta. Wajane wawili nikawafuta. Wanaoishi mbali nikawafuta. Nikabaki na watatu, nikawapima mmoja mmoja, huyu ana midomo, huyu anavaa hivi. Nikashtuka: nilikuwa nimeanza tena. Kosa la kwanza lilikuwa bado linatembea barabarani na mimi nilikuwa nalitafutia mdogo wake.

Nikaichana ile orodha.

Jumatano nikampelekea mchungaji ufunguo wa sanduku. "Nimechoka," nikamwambia.

"Umechoka, au kuna jambo, Mwalimu?"

"Nimechoka tu, mchungaji."

Akaupokea. "Nitampa mzee mwenyekiti wa baraza auweke kwa sasa. Ila kama kuna jambo, Jumamosi iko karibu."

Nilitoka, nikaangalia chini kwenye kizingiti. Mazoea.

*

Nina binti mmoja. Baba yake alifariki binti akiwa darasa la nne. Sasa ana miaka ishirini na minne, na anafanya kazi kwenye duka la vifaa vya shule na fotokopi la katibu wa baraza. Kazi hiyo nilimwombea mimi. Nilimwambia Mama Pacha, Mama Pacha akamwambia mumewe, mwanangu akaanza Jumatatu. Tuliimba wimbo wa shukrani siku hiyo.

Mimi na yeye tunaishi vizuri, yaani hatugombani. Asubuhi shikamoo, jioni pole na kazi, chumvi iko wapi, umefunga geti. Mambo mengine tunaandikiana kwa simu, hata mmoja akiwa chumbani na mwingine jikoni.

Miezi hiyo ya karibuni alikuwa anakawia mezani. Ameshamaliza kula, sahani imekauka, bado amekaa. Ananitazama nikisahihisha madaftari. Nilidhani amechoka na kazi.

Ijumaa nilirudi saa tisa mchana. Mezani pameegemezwa karatasi kwenye chupa ya chai.

"Mama, nimekwenda kwa shangazi. Chai iko hapa, mboga ziko jikoni. Nyumba yote nimeifagia."

Kwanza nilishangaa tu kwamba ni karatasi. Simu yake ina nini? Kisha nikaisoma tena.

Nyumba. Yote.

Kulikuwa na kitone.

Sikumbuki kukaa chini, ila nilijikuta sakafuni, mgongo umeegemea kabati. Mwandiko wake nilikuwa sijauona miaka. Nani siku hizi anaona mwandiko wa mwanawe? Kwenye orodha yangu ya kumi na mmoja sikumweka, ingawa darasa la pili alisoma kwangu. Niliwaweka watoto wa watu wote, wangu hakunijia hata akilini.

Na kama yuko anayenijua, aniulize.

Ule mstari wa mwisho sikuwahi kumsomea Mama Pacha. Niliona hauna kazi. Sasa ulinirudia, ukakaa sikioni, na ulikuwa na sauti ya mwanangu. Niliosha vyombo safi ili nisiusikie. Niliwasha redio. Ulikuwa pale chini ya redio.

Nikashika simu nimpigie. Nikaandika jina lake. Nikaiweka chini. Ningemuuliza nini? Na akijibu ndiyo, kesho saa nne ningesema nini mbele ya wazee?

Sikupiga. Basi mjue na hilo.

*

Chumba cha baraza ni kile kilicho nyuma ya madhabahu, panapohifadhiwa viti vibovu na ngoma za kwaya. Wazee walikuwa watano na mchungaji. Mzee mwenyekiti, mstaafu wa reli, alikaa katikati. Katibu kulia kwake na faili. Fundi alikuwa kwenye kiti peke yake upande wa pili, amevaa gauni la heshima, daftari la vipimo mapajani. Aliponiona uso wake ukang'aa. Nilitazama ngoma.

Katibu akafungua faili. Ni mtu nadhifu, sauti yake ya upole, mashati yake yamenyooka. Nilikuwa nampenda kama shemeji yangu.

"Wazee wangu, jambo hili linatia aibu na hatuna haja ya kulirefusha," alisema. "Karatasi hii hapa. Mwalimu athibitishe, tuombe, tumalize."

Mbona unaharakisha, shemeji? Wazo hilo lilinipitia tu, nikaliacha lipite.

"Mwalimu," akasema mwenyekiti, "karatasi hii ni mwandiko wa fundi?"

Nikavuta pumzi. "Si mwandiko wake, mzee. Nilipokwenda kwake niliona kidole chake kimekatwa. Daftari lake lina tarehe. Wiki ile hakuweza kushika kalamu."

Fundi akafungua daftari, akalipeleka mezani kwa mikono miwili. Wazee wakainamia. Mmoja akasema, "Kweli bwana."

"Samahani, mzee," akasema katibu. "Mwalimu mwenyewe ndiye aliyeutambua mwandiko huu mwanzo. Leo anageuka. Huyu ni mwanafunzi wake, tunaelewa huruma. Lakini kidole kibovu hakimzuii mtu kuandika mistari minne akiwa na dhamira."

Nilisikia kiti cha fundi kikilia. Alikuwa amegeuka kunitazama.

"Ni wewe?" alisema taratibu. "Mwalimu, aliyesema ni wewe?"

Sikuweza kumtazama. Nilitazama bendeji yake.

"Turudi kwenye swali," akasema katibu, bado kwa upole. "Kama si wake, basi ni wa nani? Mwalimu anaijua miandiko. Atuambie. Akisema hajui, sisi tutabaki na tulichonacho."

Wote wakanitazama. Mzee mwenyekiti akasema, "Unamjua aliyeandika, Mwalimu?"

"Sijui," nikasema.

Kaini naye alijibu hivyo alipoulizwa juu ya ndugu yake. Neno lilikuwa lilelile. Mchungaji aliinua kichwa, nadhani na yeye alilisikia.

"Basi," katibu akafunga faili. "Nafikiri tumesikia."

"Ngoja kwanza," akasema mwenyekiti. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti. "Ufunguo wa sanduku uko kwangu tangu juzi. Asubuhi nimelifungua, nimekuta karatasi moja. Miwani yangu nimeisahau nyumbani, sijaisoma, lakini kwa kuitazama tu naona herufi zinafanana na hizi. Inaweza kutusaidia. Mwalimu, macho yako ni mazima. Tusomee."

Alinikabidhi. Imekunjwa mara nne. Nikaikunjua.

"Mama," iliandikwa. "Najua anayefungua ni wewe. Ile ya kwanza niliandika kwa sababu kwa mdomo nilishindwa. Nilijua utautambua mwandiko. Nikakaa mezani kila siku nakusubiri uniulize. Badala yake nimemwona dada fundi akivuliwa utu wake kwa ajili yangu, na wewe ukiwa mbele. Mwanaume ni katibu, baba wa mapacha. Dukani kwake nimeacha, sirudi. Sitaki unifiche. Kesho useme yote, jina langu na lake, dada awe huru. Ukinyamaza nitajua umechagua nini, na nyumbani sirudi tena. Mwanao."

Kila y ilikuwa na kitone.

"Soma kwa sauti, Mwalimu," alisema mwenyekiti.

Nilifikiria mapacha. Nilifikiria Mama Pacha, ambaye alimtukana fundi kuliko wote. Ningependa kuwaambia kwamba nilimfikiria mwanangu kwanza, lakini yeye alikuwa ameshaniambia anataka nini, na hapakuwa na la kufikiria. Nilijifikiria mimi. Mwalimu, mjane mwadilifu, kiongozi wa maombi. Nilijiona natoka kwenye chumba kile nikipita katikati ya akina mama.

"Mwalimu?"

Nilipoinua macho, katibu hakuwa anatazama uso wangu. Alikuwa anatazama nyuma ya karatasi, pale wino unapopenya na kuonekana kinyume. Rangi ilikuwa imemtoka. Anayepokea karatasi za watu dukani mchana kutwa hujua mwandiko wa mfanyakazi wake.

Akasimama. Akazunguka meza polepole, akitabasamu.

"Mama yetu amechoka, wazee. Jambo hili limemuumiza." Akanyoosha mkono, kiganja wazi, mbele yangu. "Nipe mimi, shemeji. Nitawasomea."

Nilijua atasoma kitu kingine. Alijua kwamba najua. Karatasi ingeishia mfukoni mwake, mwanangu asingetajwa, nami nisingetajwa, na fundi angetengwa kabla ya saa sita.

"Mwalimu wangu," akasema fundi nyuma yangu. Hilo tu.

Nikauona mkono wangu, wenye karatasi, unaanza kumwendea katibu.